Usukani wa Kulia

SEHEMU YA KWANZA

"Hata chembe moja?"

"Hata chembe moja, Mama. Likifika bandarini kwao na udongo wa huku, haliingii nchini. Wanasema udongo hubeba wadudu na magonjwa ya mimea. Wanaweza kuamuru lirudishwe lilikotoka, na anayelipa ni mwenye gari."

Riziki alikuwa amelala chali chini ya Toyota RAV4 ya kijivu, mswaki mkononi, akichokonoa vumbi jeusi lililoshikana kwenye chesesi. Mama yake alisimama kando na bidoni ya sita. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 18 Januari 2025, na Lac Vert hakuna anayemwaga bidoni sita za maji juu ya gari bila majirani kuuliza kulikoni.

Kwa msomaji asiyepajua, Lac Vert ni mtaa wa magharibi ya Goma, kando ya barabara iendayo Sake. Umepata jina kwa ziwa dogo la kijani lililotulia ndani ya shimo la volkano ya kale, hatua chache kutoka Ziwa Kivu. Ardhi yake ni mawe meusi ya moto uliopoa. Mawe hayo yanakula viatu na magurudumu, na vumbi lake huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli. Siku hizo mtaa ulikuwa umejaa watu waliokimbia vita vya Masisi na Sake. Mahema yao yalianzia Bulengo yakasambaa hadi Mugunga, na kila mtu alikumbuka tarehe 3 Mei 2024, makombora yalipoangukia kambi hizo na kuua watoto na mama zao. Aliyepata njia ya kuondoka alikuwa akiondoka.

Mama Riziki alikuwa ameipata. Mumewe, Papa Riziki, alikuwa Sherbrooke, jimbo la Quebec, nchini Canada, tangu 2023. Karatasi za kuwaunganisha zilikuwa zimetoka, na tarehe 12 Februari mama na watoto wawili wangepanda ndege Kigali. Kila mtu alimshauri auze gari. Yeye alisema gari linakwenda.

Nitakueleza kwa nini, maana bila jambo hili utamwona mama huyu kama mtu anayepoteza fedha. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka, uji wa moto ukashuka hadi Buhene, jirani na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye, alfajiri, gavana aliamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe mara moja. Familia hii ilikaa Majengo wakati huo, na Majengo ulikuwa mmoja wa mitaa hiyo kumi. Mji mzima ukamwagika barabarani. Watu kumi na watatu walibanana ndani ya RAV4 hiyo kuelekea Sake, na kabla hawajafika, kwenye kiti cha nyuma, Mama Riziki akajifungua Baraka. Shangazi alikata kitovu kwa wembe mpya ulionunuliwa dirishani kwa mchuuzi. Waliporudi waliuza kiwanja cha Majengo wakahamia Lac Vert, mbali na njia ya uji wa moto. Mumewe alipoondoka, Mama Riziki alijifunza kuendesha, akawa anapeleka samaki wa sambaza na mboga soko la Virunga, na kwa fedha hiyo watoto walisoma.

"Gari hili ni mkunga wangu," alikuwa akisema. "Mtu hamwachi mkunga wake vitani."

Saa tano hivi alifika Papa mdogo, ndugu yake Papa Riziki. Alikaa juu ya jiwe akatazama povu la sabuni likitiririka.

"Shemeji, nimetoka Birere kwa yule wakala wa duane, wa forodha. Ameniambia bei. Kulipitisha Gisenyi na Kigali, kulishusha Rusumo hadi Dar es Salaam, kulitia ndani ya kontena mpaka Montreal. Bei yake imepita bei ya gari lenyewe. Niachie mimi. Nitakutumia fedha kidogo kidogo."

"Aksanti, shemeji. Gari linakwenda."

"Lakini Canada hawataki magari ya Japani yaliyotumika!"

Riziki akatoka chini ya gari, uso mweusi kama mchoma makaa. Binti huyu wa miaka 17 alikuwa amesoma kila kitu kwa simu, usiku, wakati wa kifurushi cha bei nafuu.

"Papa mdogo, wanayakataa yasipotimiza miaka 15. Gari ambalo halikutengenezwa kwa sheria zao za usalama haliingii mpaka litimize miaka hiyo, na wanahesabu kuanzia mwezi lilipotoka kiwandani. Hili lilitoka kiwandani Machi 2010. Machi hii linatimiza."

"Na likifika kabla ya Machi?"

"Haliwezi. Meli nyingi hazipiti tena Bahari ya Shamu tangu meli zilipoanza kushambuliwa kule. Zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Likiondoka Dar mwezi wa Februari, Machi itakuwa imekwisha ndipo lionekane Montreal."

Mama Riziki alimtazama binti yake kwa namna ambayo hakuna ada ya shule inayoweza kuilipia.

"Endelea, mwambie na ile ya ushuru."

"Mtu anayehamia Canada kwa mara ya kwanza anaruhusiwa kuingiza vitu vyake bila ushuru, na gari pia, mradi avitumie kwa shughuli zake. Kitu kimoja kikizidi dola 10,000 za kwao, analipia kile kilichozidi. Hili halifiki hata nusu. Akishuka uwanja wa ndege anatoa orodha mbili, ya vitu alivyokuja navyo na ya vitu vinavyofuata. Kisichoandikwa siku ile hakihesabiwi tena kuwa cha mhamiaji. Na asiuze kabla ya miezi 12, akiuza analipa ushuru."

"Basi kaka aliliandika alipofika," Papa mdogo akasema.

Hapo ndipo Mama Riziki alipoketi.

"Hakuandika. Alifika na mfuko mmoja. Afisa akamuuliza kama kuna vitu vinavyofuata, akajibu hana kitu duniani. Kwa hiyo mhamiaji ni mimi, na gari lazima liwe langu. Liwe limekuwa mikononi mwangu na nimelitumia kabla sijaondoka, na karatasi iseme hivyo. Jumatatu nakwenda kubadilisha jina. Nilitoe jina la mume wangu, niweke langu."

Papa mdogo aliacha kutazama povu.

"Karte roze iko wapi?"

"Kwenye bahasha aliyoniachia. Ndani ya Biblia."

"Umeifungua?"

"Kwa nini niifungue? Polisi wa barabarani wananijua, sijawahi kuombwa."

"Usiifungue, shemeji." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nipe mimi. Nina mtu ofisini atakayekubadilishia bila wewe kuhangaika. Nipe leo hii."

Riziki alimwona mama yake akifuta mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kimoja kimoja, kisha akaingia ndani. Kupitia mlango wa mbao walisikia kurasa zikifunuliwa. Walisikia bahasha ikichanwa. Halafu hawakusikia kitu.

Baraka, mwenye miaka mitatu, ndiye aliyekwenda kuangalia. Alirudi akisema, "Mama anatetemeka."

Walimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, karatasi ya umiliki wa gari, ya rangi ya waridi, mapajani. Alimkabidhi binti yake bila kusema neno. Namba ya gari ilikuwa sawa. Namba ya chesesi ilikuwa sawa. Kwenye nafasi ya mwenye gari hapakuwa na jina la Papa Riziki. Palikuwa na jina la mwanamke.

Furaha.

"Shemeji," Mama Riziki alisema, macho yakiwa kwa Papa mdogo, "huyu Furaha ni nani wa mume wangu?"


SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: Mama Riziki amegundua kwamba gari analotaka kuhama nalo limeandikwa jina la mwanamke asiyemjua. Papa mdogo anamjua.

Papa mdogo hakujibu. Alichukua kofia yake akaondoka, na ukimya wake ukamuumiza Mama Riziki kuliko jibu lolote ambalo angelitoa. Saa tatu usiku, ambapo Sherbrooke ilikuwa saa nane mchana, alimpigia mumewe.

"Papa Riziki, mke wako wa pili amezaa watoto wangapi?"

"Mke gani?"

"Furaha."

Simu ilinyamaza hata Riziki akadhani mtandao umekatika. Kisha mzee akalia. Riziki hakuwahi kumsikia baba yake akilia.

Furaha hakuwa mke wa Papa Riziki. Alikuwa mfanyabiashara wa maharage wa Sake, mjane, na ndiye aliyewauzia gari mwaka 2020. Papa Riziki alilipa sehemu kubwa, zikabaki dola 600. Wakakubaliana kwamba siku atakayomaliza ndipo Furaha atakapotia sahihi jina libadilishwe. Kisha volkano ikaja. Kisha kazi ikapotea. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Alimwambia mkewe kwamba amemaliza, ndugu yake akamfunika, na alipoona Canada inafunguka aliona haya kuondoka akiwa mdaiwa wa mjane.

"Yuko wapi sasa?" Mama Riziki aliuliza.

"Vita vilipofika Sake mwaka jana, mwezi wa pili, alikimbia. Nimesikia yuko Bulengo."

Bulengo! Mama Riziki angeweza kutupa jiwe kutoka mlangoni kwake likaangukia hema la kwanza la Bulengo. Karibu mwaka mzima alikuwa amepita mbele ya mwanamke huyo akiendesha gari lake.

Hali hii si ya familia hii peke yake. Goma imejaa magari yaliyouzwa mara tatu, mara nne, huku karatasi ikibaki na jina la mnunuzi wa kwanza. Ndani ya mji watu wanaelewana, gari linatembea, hakuna anayeuliza. Ni mpakani ndipo karatasi inapopata mdomo.

Jumanne tarehe 21 Minova ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, na mboga zilizokuwa zikivuka ziwa kuja Goma zikakoma. Jumatano jioni Mama Riziki alihesabu dola 600 kutoka kwenye fedha za meli, akazifunga kwenye ncha ya kitenge, akamchukua Riziki wakaenda Bulengo kwa miguu. Waliuliza hema kwa hema. Wakamkuta Furaha akipepea jiko la makaa, mwanamke mrefu, mvi zimeanza, watoto watatu na mkwe mzee ndani ya turubai lisilozidi mita tatu.

"Karibuni, Mama," alisema, kisha akaitazama sura ya Riziki. "Huyu ni mtoto wa yule baba wa RAV4. Amefanana naye."

Mama Riziki alipiga magoti. Mtu mzima, mwenye nyumba, alipiga magoti juu ya mawe ya Bulengo mbele ya mkimbizi.

"Tumekuja na deni lako, Mama. Tumechelewa. Tusamehe."

Furaha alizitazama zile noti bila kuzigusa. Mbali, upande wa Sake, mlio mzito ulipita chini ya ardhi, na watoto wote wa kambi wakanyamaza kwa pamoja.

"Miaka mitatu nyuma fedha hizi zingenijengea duka," alisema. "Leo zitaniletea nini? Wiki hii au ijayo tutakimbia tena, na mama mkwe wangu hatembei. Sitaki fedha, Mama. Nataka gari langu safari moja. Mnivushe na watoto wangu na mzee huyu mpaka Gisenyi. Tukishavuka nitatia sahihi, na hizo dola nitazichukua huko, kwa sababu huko ndiko nitakakozihitaji."

"Na usipotia sahihi?"

"Na ninyi mlipokaa miaka minne bila kulipa, mimi nilimuuliza nani?"

Walikubaliana kuondoka Alhamisi asubuhi. Wakala wa duane angewasubiri Grande Barrière, kivuko cha mpakani kuingia Gisenyi, akiwa na faili la kulipitisha gari Rwanda hadi Dar es Salaam. Kilichokosekana ndani yake kilikuwa karatasi ya mauzo yenye sahihi ya Furaha.

Hawakujua Alhamisi hiyo ingekuwa tarehe gani katika historia ya Goma. Ilikuwa 23 Januari. Alfajiri vita vilikuwa Sake kwenyewe, na barabara ilishuka watu kama ilivyoshuka mwaka 2021, ila safari hii wakielekea upande wa pili. Magodoro yalipanda juu ya vichwa, mbuzi wakavutwa kwa kamba, chukudu, zile skuta za mbao, zikapita zimebeba wazee. Hema za Bulengo zilivuliwa maturubai katika muda wa kuchemsha chai. Mama Riziki aliendesha, Furaha kando yake, nyuma mzee, Riziki, Baraka na watoto watatu, na juu ya paa masanduku mawili ya Canada yamefungwa pamoja na sufuria za Bulengo.

Udongo wote waliouchokonoa Jumamosi ulirudi kabla hawajafika Ndosho.

Walitambaa kupita Katindo. Wanaume wawili walijaribu kufungua mlango wa nyuma. Furaha akawatazama tu, wakaacha. Karibu na mzunguko wa Signers mtandao ulirudi ghafla na simu ya Riziki ikatetemeka. Ujumbe wa sauti kutoka kwa baba, uliotumwa usiku. Aliubana sikioni.

"Riziki, mwanangu, msikilize baba yako kabla mama hajalipa kitu. Jana nilikwenda kuuliza habari ya plaki za gari. Wakaniuliza usukani uko upande gani. Nikasema kulia. Huku Quebec, gari la usukani wa kulia haliandikishwi kama halijatimiza miaka 25. Kuingia Canada litaingia, miaka 15 inatosha, lakini Quebec halitapata plaki mpaka 2035. Litakaa uani kwangu miaka kumi. Mwambie mama asilete gari. Mwambie taratibu. Unajua anavyolipenda."

Riziki aliusikiliza mara ya pili. Usukani! Magari ya Goma mengi yana usukani kulia kwa kuwa yanatoka Japani kupitia Mombasa au Dar es Salaam, na ingawa Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, jicho la mtu wa Goma halioni tena ajabu hiyo. Alikuwa amesoma habari ya miaka, ya ushuru, ya udongo, ya orodha. Hakufikiri hata dakika moja juu ya usukani uliokuwa mikononi mwa mama yake, na sheria ile ilikuwa ya jimbo, haikuwa ya nchi nzima.

Alimtazama mama. Shingo imekaza, jasho linashuka, macho mbele. Akaamua kusubiri.

Grande Barrière palikuwa na watu kama mchanga. Wakala aliwaona, akapunga faili, akawaingiza kwenye mstari wa magari. Ikafika zamu yao. Afisa kijana, sare imechoka, macho yamekesha, aliinama dirishani. Aliangalia sufuria, masanduku, watoto. Alichukua karte roze akaisoma, kisha akalifungua faili.

"Gari linatoka nchini moja kwa moja au linarudi?"

"Linatoka, mkubwa," wakala akajibu haraka.

"Sikukuuliza wewe. Hapa sioni karatasi ya mauzo. Haliendi popote mpaka mwenyewe aseme. Mwenye gari ni nani?"

"Mimi," alisema Mama Riziki.

"Mimi," alisema Furaha.

Maneno yalitoka pamoja. Wanawake wawili wakageukiana ndani ya kiti cha mbele. Mkono wa Mama Riziki ukashuka kwenye ncha ya kitenge zilikofungwa dola 600. Mkono wa Furaha ukaenda kwenye ufunguo.

"Mama, tulikubaliana," Mama Riziki alisema.

"Tulikubaliana jana. Jana Sake ilikuwa bado ipo. Fedha hizo zitaisha kwa mwezi mmoja, Mama. Gari hili nikiwa nalo Gisenyi, nitabeba abiria, watoto wangu watakula. Wewe unakwenda Canada. Mimi nakwenda wapi?"

Nyuma yao honi zilianza kulia. Afisa alinyoosha mkono.

"Nipeni ufunguo. Gari linabaki hapa, ninyi mvuke kwa miguu."

Mzee aliyekuwa nyuma, asiyeweza kutembea, alianza kusali kwa sauti. Baraka alikumbatia kiti alichozaliwa juu yake. Na Riziki, peke yake ndani ya gari lile aliyejua kwamba mama yake anapigania kitu ambacho hatakiendesha kabla ya 2035, akainua simu, akafungua sauti mpaka mwisho, akaweka kidole juu ya ujumbe wa baba.

"Mkubwa," alisema, "subiri kidogo. Mama, kabla hujasema neno jingine, sikiliza hii."

Mama Riziki ataamua nini akiisikia sauti hiyo mbele ya Furaha? Na Papa mdogo, ambaye wakati huo huo alikuwa akisukuma watu kuja mpakani na karatasi mkononi, alikuwa ameandika nini juu yake? Itaendelea Jumamosi ijayo. Nawe msomaji, kama gari lako ulilinunua kwa mtu, toa karte roze leo usome jina lililoandikwa, ungali na muda wa kumtafuta mwenyewe.